Mgeni Anataka Gari la Umeme

Swali la mwezi huu limetoka Mpepai, Mbinga. Mama mmoja anatazamia kumpokea wifi yake aliyeolewa Ujerumani. Atakuja na mumewe mwezi wa Julai na watakaa majuma matatu. Kule kwao wamezoea kuendesha gari la umeme, na sasa wanataka kukodi la namna hiyo Dar es Salaam, waje nalo hadi Mpepai, kisha wawachukue wenyeji na watoto washuke Mbamba Bay kuliona ziwa. Baba watoto amefurahi na ameshamjibu dada yake, "Njooni tu, umeme upo." Mama amebaki na hofu mbili. Ya kwanza, gari lisije likazimika milimani na watoto wamo ndani. Ya pili ni LUKU, ambayo yeye ndiye anayeinunua kwa fedha ya vitumbua. Anauliza: aseme au anyamaze asionekane mchoyo?

Aseme, lakini kwanza ajue la kusema. Neno lenye hesabu halimuudhi mtu kama neno la manung'uniko.

Ni kweli umeme upo

Baba watoto hakusema uongo. Zamani Songea na Mbinga zilitegemea sana majenereta ya dizeli, na sote tunakumbuka mgao ulivyokuwa. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole walianza kuzalisha umeme wa maji pale Tulila, kwenye Mto Ruvuma, mtambo wa megawati 5, wakawa wanaiuzia TANESCO. Hiyo ni kazi ya wanawake wenzetu. Mwaka 2018 gridi ya taifa ikafika Songea kwa njia kubwa ya kutoka Makambako.

Barabara nayo imebadilika. Lami ya Peramiho hadi Mbinga ilifunguliwa mwaka 2014, na baadaye ikashuka mpaka Mbamba Bay, kilometa 67. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima, tena ya matope, sasa ni ya asubuhi.

Basi tatizo si kwamba umeme haupo. Tatizo ni jinsi gari linavyoupokea.

Gari hili hula namna gani?

Gari la petroli hujazwa kwa dakika tano. Gari la umeme lina betri kubwa chini ya sakafu, na betri hiyo hunywa polepole kama mtoto mchanga. Kwenye nchi za wenzetu kuna vituo vya chaji ya haraka kando ya barabara kuu. Nyumbani kwetu kuna soketi ya ukutani, na soketi ya kawaida ikifanya kazi saa kumi usiku kucha huingiza uniti zipatazo 20 tu.

Gari dogo hutumia kama uniti 17 kwa kila kilometa 100. Tuseme betri yake ni ya uniti 40. Toka Dar es Salaam hadi Songea ni kilometa zipatazo 950, yaani uniti 160 au zaidi. Akiondoka na betri iliyojaa, bado atahitaji uniti 120 njiani. Kwa soketi ya nyumba ya wageni hizo ni usiku sita! Safari ambayo basi huimaliza kwa siku moja itageuka kuwa ya juma zima, na majuma matatu ya likizo yataishia barabarani.

Mbinga hadi Mbamba Bay ni jambo jingine. Mji wa Mbinga uko juu ya ziwa kwa zaidi ya mita 800. Wakati wa kushuka, gari la umeme hurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri, kwa hiyo hutumia kidogo sana. Kupanda ndiko kunakokula. Kuliinua gari lenye abiria kutoka ziwani hadi Mbinga huongeza uniti nne au tano juu ya matumizi ya kawaida. Kwenda na kurudi, uniti 25 hivi zitatosha. Betri nzuri ya uniti 40 huenda na kurudi bila wasiwasi. Lakini magari ya mitumba ya miaka ya mwanzo yalikuwa na betri ya uniti 24 tu, nayo yameshachoka. Gari la namna hiyo litashuka likicheka na kushindwa kurudi. Hofu ya mama wa Mpepai juu ya milima si ya bure.

Wenzetu wamefanyaje?

Nairobi kulikuwa na teksi za umeme za NopeaRide toka mwaka 2018 hadi kampuni ilipofunga kazi mwaka 2022. Kigali, Volkswagen ilianza majaribio ya magari ya umeme mwaka 2019. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli ili watu watumie umeme wao wa maji. Utaona kwamba Nairobi na Kigali gari lilizunguka mjini na kurudi kuchajiwa palepale. Hapo ndipo gari hili linapofaa kwanza. Safari ndefu hufuata baada ya vituo kujengwa njiani.

LUKU ya nani?

Sasa tuje kwenye hofu ya pili. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mradi asipite uniti 75 kwa mwezi. Akipita, kila uniti ya ziada huwa shilingi 350, nayo ni kabla ya kodi. Nyumba ikizoea kupita, huweza kuhamishwa kabisa kutoka kundi la bei nafuu.

Tuseme familia inatumia uniti 40 kwa mwezi kwa taa, redio, pasi na simu. Usiku wa pili wa kuchaji gari la mgeni tayari wamevuka 75. Mgeni hataona chochote. Ataona waya umechomekwa na asubuhi gari limejaa. Atakayeona ni mama, siku anapokwenda kununua LUKU na kupewa uniti chache kwa fedha ileile.

Haki itendeke pande zote lakini. Hata kwa bei ya juu, kuijaza betri ya uniti 40 ni kama shilingi 14,000 na kodi juu yake. Gari la petroli kwa mwendo uleule wa kilometa 200 na zaidi lingekunywa lita 16 au zaidi. Zidisha kwa bei ya kituo cha kwenu uone. Kwa hiyo umeme si ghali kwa mgeni. Ni ghali kwako wewe ukiulipa peke yako kimyakimya.

Tena kuna hatari ya moto. Pasi huwaka kwa dakika chache, gari huvuta umeme mwingi kwa saa kumi mfululizo. Soketi iliyolegea na eksitensheni nyembamba iliyoviringishwa huchemka hadi kuyeyuka. Nyumba isiyokaguliwa na fundi wa kweli, yenye waya wa ardhini usiofanya kazi, isichaji gari la mtu yeyote, hata akiwa mtoto wa Rais.

Ushauri wetu

1. Mgeni aje Songea kwa basi au ndege, na gari akodi huku. Noah au gari jingine la petroli lenye dereva anayezijua kona za Mbinga litawafaa. Wakipita Peramiho wasimame waone abasia, kazi iliyoanza mwaka 1898.

2. Dereva ni bora kuliko kujiendesha. Mgeni wa Ujerumani amezoea kupita kulia. Sisi hupita kushoto, na giza likiingia barabarani kuna watembea kwa miguu, ng'ombe na pikipiki zisizo na taa.

3. Kabla ya kulipa, waulize gari lina bima kubwa au bima ndogo, nani analipa pancha, posho na malazi ya dereva ni juu ya nani. Wakague tairi la akiba kwa macho. Magari mengi ya umeme hayana kabisa tairi hilo.

4. Wakisisitiza gari la umeme, waulize betri ina uniti ngapi leo, si ngapi lilipokuwa jipya. Wasilipeleke kwenye njia za udongo mvua inaponyesha. Julai ni kiangazi, hapo wana bahati.

5. Umeme wa gari ununuliwe na mwenye safari, kabla waya haujachomekwa.

La mwisho ni nani aseme. Si wewe, mama. Aseme mumeo, kwa kuwa ni dada yake, na neno la kaka halina mwiba. Mketishe jioni watoto wakishalala, umwonyeshe hesabu hizi kwenye karatasi. Usianze na "dada yako anataka kutumaliza." Anza na watoto wake kule mlimani, naye ataelewa. Kisha aandike hivi: "Dada, tunawasubiri kwa hamu. Njooni kwa basi hadi Songea, tumeshapata gari na dereva, bei yake ni hii. Gari la umeme bado halina vituo njia hii."

Wifi akipata barua kama hiyo hataona uchoyo. Ataona watu waliojiandaa kumpokea. Fedha ya vitumbua itanunua unga wa ngano wa kesho, na ile Jumamosi ya Mbamba Bay mtakula mbasa wa kuchoma pamoja bila mtu kuhesabu uniti kichwani.

Tuonane mwezi ujao.