Mkono Unaouma Usinyimwe Kazi

Sisi tunaowauguza wagonjwa wa viungo huku Pwani tumezoea kusikia maneno haya: "Nesi, mama sasa hafanyi kitu, tumempumzisha." Husemwa kwa upendo na binti au mkwe aliyemleta mgonjwa kutoka vijiji vya Kisarawe au mitaa ya Kibaha. Nasi kwa miaka mingi tulijibu: "Vema, mwacheni apumzike." Leo twakiri kwamba tulikosea. Huruma ya namna hiyo inawamalizia wagonjwa nguvu za mikono.

Ugonjwa tunaousema ni ile baridi yabisi ambayo madaktari huiita rumatoidi. Jina la Kiswahili limewapotosha wengi, kwani wakisikia "baridi" hudhani inaletwa na maji ya kisima au umande wa shambani. Sivyo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Viungo vidogo vya mikono huvimba, mara nyingi mkono wa kulia na wa kushoto pamoja, na asubuhi vidole hukakamaa kwa nusu saa, au hata zaidi ya saa nzima, kabla ya kulegea.

Wala si ugonjwa wa wazee tu. Daktari Christiaan Barnard wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1967 alikuwa wa kwanza kumpandikiza mtu moyo wa mtu mwingine, aligunduliwa kuwa nao mwaka 1956, kabla hajatimiza miaka 35. Mwaka 1983 aliacha upasuaji kwa sababu ya mikono yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 waliishi na ugonjwa huu, na takribani asilimia 70 yao ni wanawake.

Uvimbe wa kiungo kila mtu anauona. Kinachosahaulika ni misuli. Mtazame mgonjwa mgongo wa mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiona pamebonyea, ujue misuli inakwisha. Sababu ni kadhaa. Kwanza, moto wa ugonjwa wenyewe unakula misuli. Pili, maumivu humzuia mtu kukaza mkono. Tatu, msuli usiotumika husinyaa. Nne, vidonge vya predinisoloni vikimezwa muda mrefu hudhoofisha misuli. Hivyo basi, tukimnyang'anya mgonjwa kila kazi, tunausaidia ugonjwa.

Tunamkumbuka mama mmoja, mkulima wa muhogo. Dawa zilikuwa zimempunguzia uvimbe, lakini nyumbani alikuwa ameshakatazwa jembe, ndoo, mwiko na mbuzi ya kukunia nazi. Wenzake wa jumuiya walimfulia na kumpikia. Baada ya mwaka mmoja alituambia, huku akilia, kwamba hawezi hata kukamua tui. Alisema, "Nimekuwa mgeni jikoni kwangu." Ushauri wa kupumzika alikuwa ameupata kwetu.

Je, mazoezi hayaharibu viungo? Hofu hiyo nasi tulikuwa nayo. Huko Uingereza wagonjwa 490 wa rumatoidi walifuatiliwa kwa mwaka mzima, na matokeo yakatolewa katika jarida la Lancet mwaka 2015. Waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na kukaza mikono, pamoja na matibabu yao ya kawaida, walipata nafuu katika matumizi ya mikono zaidi ya maradufu ya wale waliopata matibabu ya kawaida pekee, wala mazoezi hayakuwaletea madhara makubwa.

Haya yawezekana nyumbani. Viungo vikishalegea, loweka mikono katika maji ya uvuguvugu. Kunja na kukunjua vidole, vitanue, gusisha gumba na kila kidole, kisha zungusha kifundo cha mkono taratibu. Halafu kunja kitambaa kama mpira, ukibinye pole pole, ushikilie kidogo, uachie. Anza na mara chache, uongeze wiki hadi wiki. Maumivu yakizidi na kudumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, punguza. Kiungo kikiwa cha moto na kimevimba sana, acha kubinya. Kikunjue tu kwa upole mpaka kitulie.

Kazi nazo zibadilishwe namna, zisikatazwe. Shika sufuria kwa mikono miwili. Zungushia mpini wa kisu au mwiko kitambaa uwe mnene. Chota nusu ndoo badala ya ndoo nzima. Na mgonjwa apate chakula cha kujenga mwili: kunde, maharage, dagaa, mayai.

Hata hivyo mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye dalili tulizotaja asiishie kwenye duka la dawa kununua vidonge vya maumivu mwezi hadi mwezi. Aende hospitali mapema, iwe ya wilaya Kisarawe au Tumbi pale Kibaha, ili apimwe na, ikibidi, apewe rufaa hadi Muhimbili. Akiandikiwa methotreksati, azingatie kwamba humezwa mara moja tu kwa wiki; kuimeza kila siku kunaweza kuua. Mama mjamzito asiitumie kabisa. Naye anayetumia predinisoloni asiikatishe ghafla bila daktari.

Mwisho twasema na wauguzi wenzetu wa zahanati. Msiseme hamna kifaa cha kupima nguvu za mkono. Kunjeni mkanda wa kipimo cha presha, kile cha kupampu kwa mkono, ujazeni upepo hadi 20, kisha mgonjwa aubinye kwa nguvu zake zote. Pimeni mara tatu kila mkono na kuandika wastani kwenye kadi. Namba ikishuka mwezi hadi mwezi, msingoje mpaka mkono ubonyee.

Yule mama tulimwanzishia kitambaa na maji ya uvuguvugu. Ilimchukua miezi, na vidole vyake viwili bado vimepinda. Lakini siku moja alikuja kliniki akatuarifu kwamba Jumapili amekamua mwenyewe tui la nazi moja. La pili alimwachia binti yake. Ndugu msomaji, huo ndio msaada tunaouomba kwenu: msaidieni mgonjwa kwa nazi ya pili, ya kwanza mwachieni mwenyewe.