SIMU ZITUMIKE KUWAINUA WAGONJWA WA KIHARUSI



Mtu akipigwa na kiharusi hapa kwetu, mambo tunayajua yanavyokwenda. Anapelekwa hospitali, presha inashushwa, anarudishwa nyumbani na dawa. Basi anawekwa mkekani, analishwa, anageuzwa. Miezi ikipita mkono umejikunja, mguu umekakamaa, watu wanasema "ndiyo basi tena." Wengine wanasema katupiwa jini. Sisi tunasema hapana, mgonjwa huyu ameachwa katikati ya matibabu.

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa wa damu umeziba au umepasuka, na sehemu moja ya ubongo imekufa. Ile iliyokufa hairudi, lakini sehemu nzima zinaweza kujifunza kazi yake kwa kurudiarudia kila siku. Sisi tulioingia kisomo cha watu wazima tukiwa na ndevu tunalielewa hilo: herufi moja tuliiandika mpaka mkono ukazoea.

Taabu ni kwamba mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko mbali. Kumpeleka Ndanda au Mtwara mgonjwa asiyeweza kukaa ni gari la kukodi, siyo basi. Nani ataweza kila wiki? Hapo simu inafaa. Siku ya kuruhusiwa, anayemwuguza amwombe mtaalamu ruhusa ya kuchukua video akimfanyisha mgonjwa mazoezi. Kuitazama nyumbani hakuhitaji mtandao. Kengele ya simu ikumbushe asubuhi na jioni. Hata kitochi kina kengele. Mtaalamu akikubali, baada ya wiki mbili atumiwe video ya mgonjwa anavyotembea, asahihishe. Lakini msimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea. Bega linaweza kutoka mahali pake.

Wapo wanaosema eti ushirika ni wa korosho, siyo wa wagonjwa. Sasa je, mikorosho inapaliliwa na nani? Na binti anayeacha shule ili amwuguze bibi, hasara hiyo inaandikwa daftari gani? Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Redio yenyewe haikushika jembe, na simu nayo haitamshika mgonjwa mkono.

Tunapendekeza malipo ya korosho yakiingia, kila mwanachama achangie kidogo. Neno makato tunajua linavyochukiwa hapa, ndiyo maana tunalisema mapema na hadharani. Inunuliwe mashine ya kupimia presha ikae ofisi ya ghala, na simu moja kubwa ya kuazimisha nyumba zenye wagonjwa. Presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na aliyekwisha kupigwa anaweza kupigwa tena akiacha dawa. Vijana nao wafunge fito mbili za mianzi za kushikilia mtu anayejifunza kutembea. Hizo hazina makato.

Jambo hili litaletwa mkutano wa wanachama kabla minada ya Oktoba haijaanza. Wenye wagonjwa waje kwa katibu jioni, waandikishe.