Kompyuta Nayo Ihojiwe

Wenye biashara wanaponunua mfumo wa kompyuta huuliza bei, kisha huuliza kama una kasi. Ni wachache wanaouliza: mfumo ukikosea, nani ataweza kuonyesha kwamba umekosea?

Posta ya Uingereza ililipuuza swali hilo. Kuanzia mwaka 1999 ilisambaza katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliokuja kuwa chini ya kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi yaliendeshwa na mawakala, watu wa kawaida wenye duka la kijijini na dirisha la posta pembeni. Wakifunga hesabu, mfumo uliwaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Jo Hamilton, wakala wa Hampshire, alipiga simu kuomba msaada. Akafuata alivyoelekezwa, na upungufu wa pauni zipatazo 2,000 ukawa mara mbili palepale. Mkataba ulimtaka wakala alipe. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu, na baadhi yao wakafungwa.

Wengi husema kosa lilikuwa hitilafu za programu. Mimi naona hiyo ni nusu tu ya habari, kwa maana hakuna programu isiyo na hitilafu. Ubaya mkubwa ni kwamba wakala hakuwa na njia ya kufuatilia tarakimu aone imetoka wapi, ilhali mafundi wa Fujitsu, wakiwa mbali, waliweza kuingia katika hesabu za tawi lake bila yeye kujua. Posta ilikana jambo hilo kwa miaka. Tena mawakala wengi waliolalamika waliambiwa kwamba tatizo ni lao peke yao. Basi malalamiko, ambayo nayo ni taarifa, hayakukusanywa mahali pamoja, na mfumo haukupata cha kujirekebishia. Ilibidi Alan Bates na wenzake, 555 kwa jumla, waende Mahakama Kuu, na mwaka 2019 wakashinda. Sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja ilikuja mwaka 2024.

Na jambo lenyewe si geni. Mwaka 1494 mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice maelezo ya hesabu za wafanyabiashara: daftari la kumbukumbu, shajara, kisha leja. Kila tarakimu ya leja iliweza kufuatwa nyuma hadi tukio lililoizaa. Karne tano baadaye, wakala wa posta alinyimwa hata hilo.

Ndugu msomaji, huenda kesho utakabidhiwa zahanati, shule au SACCOS ya parokia, na muuzaji atakuja na kompyuta yake mpakatoni. Muulize: mtunza fedha ataweza kuchapa miamala yake mwenyewe, mmoja mmoja? Nani anaweza kuibadilisha, na jina lake litabaki limeandikwa? Akipinga hesabu, atasikilizwa na nani? Akikujibu kwamba kompyuta haikosei, usitie saini.