Mama mjamzito, usione aibu kusema "bien cuit"

Leo tuongelee steki na chipsi za Paris. Kuna mgahawa maarufu, Le Relais de Venise, ulianza 1959. Unapanga foleni nje, na chakula ni kilekile kwa wote: saladi, kisha steki iliyokatwakatwa, sosi na chipsi. Mhudumu anakuuliza jambo moja tu: nyama yako iiveje?

Hapo ndipo nina neno na wewe mwenye mimba. Bleu ni karibu mbichi. Saignant ina damu. À point usidanganyike, katikati bado ni nyekundu. Wewe sema bien cuit, yaani iive kabisa. Tamka "byen kwi", wataelewa.

Nyama isiyoiva inaweza kuwa na vimelea vya toksoplazima. Wewe unaweza usihisi chochote, ila vikimfikia mtoto tumboni vinaweza kumharibu macho na ubongo, au mimba ikatoka. Ufaransa wenyewe wanalijua hilo: mjamzito asiye na kinga hupimwa damu kila mwezi. Sasa aibu ya nini?

Utasikia mtu mezani anasema steki ikiiva hivyo imeharibika. Mwache. Itakuwa ngumu kidogo, sosi si ipo? Tafuna taratibu.

Na mtoto wako mdogo, yake iive vilevile, umkatie vipande vidogo asipaliwe.

Ikifika, angalia katikati. Bado nyekundu? Irudishe jikoni, mama. Ni haki yako.