DAWA ISIYOWEKWA GHALANI

Dawa nyingi hukaa ghalani zikamngoja mgonjwa. Teknetiamu-99m haimngoji mtu: kila saa 6 nguvu yake hupungua nusu. Mgonjwa hudungwa, kamera ikanasa miale yake, na waganga wakaona kama saratani imeingia mifupani, au ni tezi ipi ya limfu iliyo ya kwanza kufikiwa kutoka kwenye uvimbe.

Dawa hiyo huzaliwa na molibdeni-99, itengenezwayo katika mitambo michache ya atomiki duniani. Mtambo wa Chalk River, Kanada, uliposimama tangu Mei 2009 hadi Agosti 2010, hospitali za nchi nyingi ziliahirisha vipimo. Je, saratani nayo iliahirishwa?

Afrika inao mtambo wa SAFARI-1, Pelindaba, Afrika ya Kusini. Uliwashwa mwaka 1965 chini ya makaburu. Leo ni mali ya umma, nao huhudumia wagonjwa hata ng'ambo. Lakini umezeeka.

Sisi twasema wazi: jambo la uhai lisiachiwe mizani ya faida peke yake. Serikali za Afrika na zishirikiane kujenga mitambo mipya na kusomesha mafundi wake. Mfanyakazi mgonjwa hana akiba ya siku.