Nakshi za Hirbadaw Zina Wenyewe

Kanga haikuzaliwa kiwandani. Yafaa wasomaji wetu wa Visiwani wakumbuke kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja walinunua vitambaa vya leso vilivyouzwa kwa jora, wakavikata na kuviunga sita sita, vitatu juu na vitatu chini, hata vikawa vazi moja. Wafanyabiashara walipouona mshono ule wakaagiza nguo nzima ichapwe ng'ambo kwa mfano huo, na ujira wa kuchapa ukabaki huko huko. Wabunifu wa kwanza, yaani bibi zetu, hapana aliyewauliza jambo.

Kosa hilo lisirudiwe kwa wengine. Mafundi wanaotafuta michoro ya vitambaa vya kuagiza, na wale wanaounga vipande vya kanga kuwa mifarishi na mikoba ya kuwauzia watalii, sasa wanatazama pia Bara. Nasi twasema watazame, kwani ni heri kuliko kuiga maua ya Ulaya. Wakifika Hirbadaw, wilayani Hanang, watawakuta Wabarbaig, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wamang'ati, jina lenye maana ya adui, wala wenyewe hawalipendi. Mwanamke wa Kibarbaig aliyeolewa huvaa, hasa siku za sherehe, sketi ya ngozi iliyolainishwa kwa mkono, ikachanwa nyuzi nyuzi na kutiwa shanga. Vazi hilo si pambo tu. Ni alama ya ndoa, na mwanamume amvunjiaye heshima mwanamke huweza kufikishwa mbele ya baraza la wanawake, akatozwa ng'ombe. Je, nakshi ya vazi la namna hiyo ichapwe juu ya kitambaa cha meza pasipo idhini?

Mashine za leo huchapa hata mita chache kutokana na picha moja tu, na huenda mpiga picha alipita kijijini kwa saa moja. Hapo ndipo dhuluma inapoingia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haivuki bahari. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Kati ya sheria hizo mbili, mama wa Hirbadaw amwendee nani, na fundi wa Darajani amlipe nani?

Idara za Serikali zetu huagiza kanga na vitenge vya sherehe. Tunawataka wahusika, kabla ya kuagiza vingine, watume watu Hirbadaw wakae na wanawake wenyewe, waelezwe nakshi ipi yaruhusiwa kuchapwa na ipi ni ya ndoa isiyofaa kwenda sokoni. Malipo yaandikwe kwa kila jora. Na jina la kijiji lichapwe ukingoni mwa nguo, pale pale ambapo kanga za Mombasa zimechapwa "Mali ya Abdulla".