Tuulize Mashine, Lakini Tusiishie Hapo



Mwezi Agosti 2014, wakati Ebola ilipokuwa imeingia Nigeria, ujumbe ulienea kwa simu na mitandao ya kijamii ukihimiza watu wanywe maji ya chumvi na kuyaoga ili wasiambukizwe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wasiopungua 2 walikufa kwa kunywa maji hayo. Ujumbe wa namna hiyo mara nyingi huletwa na ndugu au rafiki mwenye nia njema, ndiyo maana huaminiwa upesi.

Siku hizi wengi wetu, hasa vijana, tukipata ujumbe kama huo huiuliza programu ya akili mnemba: "Je, hii ni kweli?" Sisi tunaona hilo ni jambo jema. Kuuliza ni bora kuliko kusambaza bila kufikiri, na programu hizo mara nyingi huutambua uzushi uliokwisha kukanushwa.

Hata hivyo, yatupasa kufahamu jinsi zinavyofanya kazi. Programu imefundishwa kwa maandishi mengi mno, nayo hutunga jibu kwa kukadiria neno gani lifuate jingine. Kwa hiyo yaweza kusema uongo kwa lugha fasaha, bila kusita, na hata kutaja vitabu visivyokuwepo. Mara nyingi pia humkubalia muulizaji anayeonyesha jibu analolitaka. Na kwa kuwa maandishi ya Kiswahili iliyofundishwa ni machache kuliko ya Kiingereza, majibu yake kwa lugha yetu huweza kuwa dhaifu zaidi.

Mwaka 2025 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtu wa miaka 60 aliyetaka kuacha chumvi ya mezani. Alieleza kwamba, baada ya kuuliza ChatGPT, alitumia sodiamu bromaidi mahali pa chumvi kwa miezi 3. Alifika hospitali akidai jirani yake anamwekea sumu, kumbe sumu aliitia mwenyewe katika chakula. Alilazwa wiki 3.

Maoni yetu ni haya: mashine iwe chekeche la kwanza, isiwe hakimu.

1. Tuiulize ujumbe umetoka wapi na nani ameuthibitisha au kuukanusha. Kisha tutafute wenyewe taarifa hiyo kwa Wizara ya Afya au Shirika la Afya Duniani.

2. Likiwa ni jambo la kumeza, kupaka, kuchanja mtoto au kuacha dawa, twende zahanati na ujumbe wenyewe mkononi.

3. Tusiiandikie mashine majina ya wagonjwa wala majibu ya vipimo vyao.

4. Tusipopata uhakika, ujumbe uishie kwetu. Usipelekwe kwenye kundi la jumuiya wala la ukoo.

Nanyi wauguzi na waganga, tunawaomba jambo moja. Mama akija na simu yake kuuliza habari aliyoisoma, msimkaripie. Wako wanaoiuliza mashine kwa sababu haiwafokei wala haiwaambii warudi kesho. Dakika 5 za kumsikiliza na kumweleza kwa upole zaweza kuokoa mtoto wake, na watoto wa wote ambao angewatumia ujumbe ule.